Marehemu wa Majaribio

Nikijumlisha yote, na nimejumlisha mara mbili, shughuli hii nzima imetugharimu jina moja la mtu. Vitu vingine tulivyopoteza vilirudi, au tulizoea kuvikosa. Jina bado limo ndani ya programu, na mwenyewe ataka tumrudishie angali hai.

Sisi tulimwita Fundi. Ofisi yetu iko Changamwe, juu ya duka la kuziba pancha za malori, na waandishi wa programu walikuwa watatu: yeye, ambaye hakubaki na unywele mweusi hata mmoja, Akinyi, msichana wa bara aliyekuja Mombasa kwa kazi akabaki kwa biriani, na Kazungu, kijana wa Kisauni ambaye ulimi wake huchelewa kuliko vidole vyake. Mjini watu kama hao huitwa madevelopa. Mimi si mmoja wao. Mimi nimeuza mitumba sokoni Kongowea miaka mingi, hadi chama chetu cha kuzikana kikaniomba nisimamie programu yake, kwa sababu mikutanoni nilikuwa na maneno mengi na walitafuta pa kuyapeleka. Kwenye karatasi cheo changu ni mwenye bidhaa. Nilikipenda. Hata Kongowea nilikuwa na bidhaa, ila kule niliweza kuipindua nikaona mshono.

Programu yenyewe hufanya jambo moja tu. Mwanachama akifariki, mjumbe wa mtaa wake huandika jina kwenye simu, na tanzia ikawafikia wanachama wote, toka Likoni hadi Miritini: fulani amefariki, atazikwa wapi, saa ngapi. Sisi Waislamu huzika siku ile ile. Wenzetu Wakristo wana safari ya bara ya kupanga. Kwa wote, tanzia iliyochelewa ni sawa na tanzia isiyotoka.

Nilipofika mara ya kwanza nilitaka kupatana. Ndiyo kazi niijuayo. Nilisema nataka tanzia iende na ramani ya makaburi, nikamuuliza Fundi itachukua siku ngapi.

"Nane," akasema.

"Nipe tano."

"Mama Riziki, hizi siku si mali yangu nikupunguzie."

Alikuwa na kopo la kokwa za tende, alizoosha na kuanika mwenyewe. Nikileta kazi mpya, kila mwandishi alificha kokwa kiganjani, nyingi kama kazi ni nzito, chache kama ni nyepesi, kisha wakafungua mikono kwa pamoja. Kwa pamoja, ili mdogo asimtazame mkubwa usoni. Wakipishana sana, mwenye nyingi na mwenye chache walieleza walichokiona, halafu wakaficha tena. Siku moja nilitia mkono wangu koponi nami nifiche. Alinishika kifundo taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto karibu na jiko.

"Wewe waamua lipi litangulie," alisema. "Hilo hatukuingilii. Uzito ni wa wachukuzi."

"Kongowea hata wachukuzi hupatana."

"Hupatana ujira. Gunia lenyewe lapungua kwa maneno?"

Nikautoa mkono koponi mtupu.

Cheo hakukitaka. Mwenyekiti wa chama alipotaka kumfanya mkuu wa waandishi, alikataa kwa adabu mara ya kwanza na bila adabu mara ya pili. Alisema akishakuwa mkuu, Akinyi ataanza kumwambia yanayompendeza. Mgeni mmoja alipanda ngazi akauliza, hapa mkubwa ni nani? Fundi akamwonyesha birika la chai. "Hilo likilia sote twainuka."

Kila asubuhi walisimama. Kikao kilikuwa kifupi, na walisimama makusudi ili kisirefuke, kila mmoja akisema anashika nini leo na nini kimemkwamisha. Fundi goti lilikuwa likimuuma, akaegemea mwimo wa mlango, ila kuketi hakuketi. Alichokichukia ni neno moja. Kazungu aliwahi kulisema siku tatu mfululizo: "Naendelea." Siku ya nne Fundi akamwambia, "Mwanangu, anayeendelea husema amefika wapi. Wewe umekwama na waona haya. Haya hiyo itatuchelewesha sote." Kazungu akakiri amekwama tangu siku ya kwanza. Akinyi akavuta kiti kando yake na kufikia adhuhuri wamemaliza. Tangu siku hiyo, mtu akisema "naendelea" hata kwenye foleni ya chapati, tulimuuliza umekwama wapi.

Na huyu huyu, kwa muda ambao siwezi kuupima, alikuwa akitoka kazini Jumatano mapema kwenda hospitali kusafishwa figo, na sisi tukidhani ana darsa msikitini. Kila asubuhi aliulizwa kama wengine, nini kimekukwamisha. Alijibu, "Alhamdulillahi, sina."

Neno lake jingine lilikuwa "imekwisha". Alikuwa bahili nalo mno. Mimi nilizoea kwamba kitu kikishaonekana kizuri kimekwisha, tandika chini uuze. Kwake imekwisha maana yake imeandikwa, imesomwa na mwenzako, imejaribiwa kwa jina la mtu, na inasomeka kwenye kisimu cha bei ndogo, mulika mwizi. Likipungua moja haijakwisha, na hata mwenyekiti angepanda juu na wazee wote wa chama, hakuna aliyeruhusiwa kuwaambia imekwisha. Nilipombana alisema, "Kuamua kipi kianze ni juu yako. Kusema kimekwisha ni juu yetu, na lawama yake pia."

Lawama hiyo niliiona ikilipwa. Hili la kujaribu kwa jina la mtu lina asili yake, na asili yake ni aibu.

Mwanzoni walijaribu kwa majina ya kubuni. Mmoja wao alitunga jina, la kawaida kabisa, jina la baba na la babu, na mtaa akauweka Kisauni. Jaribio lilipaswa kuishia ofisini. Likatoka nje. Nanyi mwaijua Mombasa: hapa hakuna jina la kubuni, kila jina lina mwenyewe. Mwenye jina alikuwa mzee wa Kisauni, mwanachama aliyelipa ada bila kukosa, na adhuhuri hiyo alifungua mlango akakuta jeneza limeegemezwa ukutani na wanaume wa mtaa wamevaa kanzu.

"Nani kafa?" akauliza.

 Jirani yake akasema, "Twaambiwa ni wewe, mzee."

Yule mzee aliwakaribisha, akawapa kahawa, akacheka nao. Lakini nasikia hakulala kitandani mwake wiki nzima. Alilala kwenye kiti, na taa inawaka.

Mwenyekiti alipanda ngazi zetu jioni ile ile. Alitaka jina la aliyekosea, na kusema kweli hata mimi nililitaka.

"Ni nani aliyefanya hivi?"

"Sisi," akasema Fundi.

"Sisi ni nani?"

"Sisi watatu."

"Kidole kilichobonyeza ni cha nani?"

"Chetu."

"Fundi, vidole vitatu havibonyezi kitufe kimoja."

"Mmoja aliandika, mmoja akasoma akasema ni sawa, mmoja akaruhusu itoke. Ukitaka kufukuza, fukuza sote. Ukitaka irekebishwe, tuache tufanye kazi."

Akinyi alikuwa akitazama sakafu. Kazungu alikuwa akitazama sakafu. Mpaka leo sijui ni yupi, na nimewapigia hesabu wote wawili mara mbili.

Baada ya hapo walijaribu kwa majina ya ovyo, herufi tu, jina ambalo hakuna mama angempa mtoto. Hapo tukapata aibu ya pili. Mjumbe aliandika maziko ni saa kumi, yaani baada ya Alasiri, nayo programu ikaisoma kumi kwa saa za Kizungu, ikatoa tanzia ikisema saa nne asubuhi. Watu wa marehemu yule walisimama juani makaburini wakati yeye mwenyewe bado yuko nyumbani anakoshwa. Kosa hilo lilikuwamo kwenye kila jaribio, mbele ya macho yetu. Hakuna aliyeliona, kwa sababu hakuna aliyekuwa akienda kumzika Aaa bin Bbb.

 Kesho yake, wakiwa wamesimama, Fundi alisema, "Jina lisilo na mtu halisomwi. Tutatumia jina la mtu tunayemjua, ili tukisoma moyo ushtuke na macho yafunguke. Na siwezi kumwomba mtu mwingine. Wekeni langu."

"Fundi, hiyo ni mkosi," Akinyi alisema. "Wallahi." Neno hilo alilipata Mombasa pamoja na biriani.

"Mkosi ni kumpelekea mzima jeneza."

Basi ikawa hivyo. Kila walipogusa programu, majaribio yalijiendesha yenyewe. Jaribio lilimfisha, likatuma tanzia yake, kisha likamrudisha kwenye orodha ya walio hai, tayari kwa kifo kingine. Ili isitoke nje tena, aliweka kufuli: tanzia yenye jina lake iende kwenye simu nne tu, zao watatu na yangu. Juu ya kufuli hilo aliandika kwa lugha ya watu, kwa ajili ya mwandishi yeyote atakayepita pale: "Huyu ni mimi, ningali hai. Asitangazwe."

Siku za mwanzo tulicheka. Alipopanda ngazi Kazungu alisema, "Marehemu kafika." Mkewe, nilipompigia kumsalimu, aliuliza, "Leo kafa mara ngapi?" Na kazi ilinyooka, lazima niseme. Makosa tuliyoyapata kwa sababu jina lilikuwa lake ni mengi, na nadhani hakuna maiti aliyechelewa kuzikwa kwa ajili yetu tena.

Lakini simu ilikuwa ikitetemeka mezani, sokoni, kwenye foleni ya feri, nami nasoma kwamba amefariki, atazikwa Jomvu Kuu baada ya Alasiri. Najua ni jaribio. Hata hivyo kuna pumzi moja, kila mara, kabla ya kujua. Pumzi hizo sikuzihesabu, na ndicho kitu pekee nisichokihesabu.

Binti yangu Riziki aliisoma mara moja. Fundi alikuwa akimletea mkate wa mofa kila Ijumaa, na mtoto alimpenda kama babu yake. Nilitoka jikoni nikamkuta ameketi chini, simu mkononi, analia bila sauti. Nikampigia Fundi haraka.

"Mpe simu," akasema. Nikamsikia: "Riziki. Mimi hapa. Ningali hai, mwanangu."

"Abee, babu," Riziki alisema.

Ijumaa iliyofuata alikuja na mkate wake. Riziki alimpa shikamoo kutoka mlango wa ndani, hakusogea. Mkate aliuchukua kwa ncha za vidole, na baadaye nilimkuta amewapa kuku.  Tangu hapo mkate Fundi aliniachia ofisini.

Kisha asubuhi moja waandishi walisimama wawili. Mlango ukawa mtupu. Simu ilipigwa na mkewe: Fundi hatakuja leo, wala wiki hii, na mnisamehe, alinikataza kuwaambia.

Nilikwenda kumwona Jomvu Kuu. Nilimkuta ukumbini, amelala juu ya kitanda cha kamba, amepungua kiasi kwamba shuka haikuonyesha kitu. Nikampa shikamoo.

"Marahaba. Wamenitumia mjumbe wa kazi au mgeni?"

"Mgeni. Nimeleta machungwa."

"Wameniwekea kikomo cha maji, na wewe waja na machungwa." Akacheka, akaweka moja juu ya kifua, akalinusa. "Nisikiza, Mama Riziki. Nina kazi moja ya kukuomba. Wewe ndiwe waamua lipi litangulie."

"Sema."

"Lile kufuli langu. Nikifa, mjumbe wa hapa ataniandika. Programu itanichukua kwa jaribio. Itatuma tanzia kwa simu nne, na moja ni hii hapa juu ya mto wangu. Kisha itanifufua."

Nilikuwa sijawahi kulifikiria. Waandishi watatu na mwenye bidhaa mmoja, na hakuna aliyelifikiria ila yeye, amelala chali.

"Nitapiga simu mimi mwenyewe," nikasema. "Mmoja mmoja."

"Wanachama ni wangapi?"

"Elfu na ushei."

"Na mimi nitazikwa saa ngapi?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole, nikaacha.

"Isitoshe, sitaki kuitiwa watu kwa hisani," akasema. "Nimewaita watu kwenye maziko ya kila mtu. Nataka ile kazi, siku hiyo, ifanye kazi. Watu waje. Riziki naye aje, sasa hatakuwa na haja ya kuogopa."

"Nipe wiki mbili," nikasema. Mazoea.

Akanitazama sana. "Leo wewe ndiwe watoa siku, na mimi ndimi nitakaye kupunguziwa."

Nilipotoka, mkewe alinisindikiza hadi njiani. Hakusema lolote kuhusu ugonjwa. Aliniuliza tu kama ile tanzia huwa imeandikwa vizuri, jina la babake limo, au hapana. Nikamwambia limo.

Ofisini niliiweka kazi hiyo mbele ya zote. Akinyi akalileta kopo la kokwa. Wakaficha, wakafungua. Akinyi alikuwa na kokwa moja, kwa kuwa kufuli ni mstari mmoja tu. Kazungu hakufungua ngumi.

"Kufuli natoa sasa hivi," akasema. "Lakini majaribio yanatumia jina lake. Nikitoa kufuli na jina likabaki, jaribio la kwanza litamtangaza kwa watu wote. Lazima jina jipya liingie kwanza. Mama Riziki, la nani?"

Tukatazamana. Jina la kubuni tulishalijaribu Kisauni. La ovyo tulishalijaribu makaburini. Tukajaribu la mtu aliyekwisha kufa kweli, kwa idhini ya wanawe, na programu ikalikataa, kwani waandishi wangu waliijenga vizuri na haimkubali mtu kufa mara mbili. Fundi peke yake ndiye iliyemruhusu.

Kazungu alimuuliza mamake kuhusu la kwake. Mamake alikuja ofisini kwa miguu yake, akapanda ngazi, akaniambia, "Mwanangu nilimpa jina la babangu. Usinizikie babangu mara ya pili." Akashuka.

Akinyi alisema, "Mathe, kazi yoyote nipe. Hii zii, siwezi. Kwetu jina la mtu aliye hai haliitwi kwa matanga, litasikia likaitika." Hakuwa akitania.

Nilimpigia mwenyekiti, aliyetaka sana majina siku ile. Alisema atatafakari, na tangu hapo simu yake haishikiki.

Nimebaki mimi. Jina langu lina maneno matatu. Nimeliandika mara mbili na kulifuta mara mbili, na mara zote mbili Riziki alikuwa chumba cha pili akisoma kwa sauti, na sauti ikanifikia. Simu yangu yeye huishika kila siku. Najua nitakachomfanya asome.

Kwa sasa tumeacha kuigusa programu. Likoni wanalalamika tanzia zao zinakatika mwisho, marekebisho yapo tayari, na hakuna anayethubutu kuyaingiza, kwani majaribio yatamfisha Fundi tena. Hatuigusi, basi majaribio hayajiendeshi, na simu zetu zimetulia. Utulivu huo ndio unaoniua. Zamani tanzia yake ikija nilijua ni jaribio. Ikija sasa, si jaribio. Itakuja kwa sisi wanne tu, na kabla sijamaliza kuisoma, programu itakuwa imeandika kwamba yu hai.

Leo asubuhi imetetemeka. Niliiacha mezani hadi chai ikapoa. Nilipoigeuza, ulikuwa ujumbe wa mkono wake mwenyewe, neno moja: "Imekwisha?"

Sijamjibu. Kwetu neno hilo lina maana yake, na nikimwandikia "tunaendelea" atajua tumekwama. Nyinyi mnaosoma, mlio na majina yenu na watoto wenu, nawaomba shauri, na nawaomba upesi: mngekuwa mmeketi hapa nilipo, mngeandika jina la nani?